Amani inayoondoka alfajiri

Barua iliyonifikia wiki hii imetoka kwa mama mmoja, nami nimeifupisha kidogo:

"Mchungaji, Bwana asifiwe. Mume wangu alipunguzwa kazini miezi minane iliyopita. Mkataba wangu nao unaisha mwisho wa mwezi ujao, na bosi hasemi kama utaongezwa au la. Tuna watoto watatu. Kila usiku naomba, nalia mbele za Mungu, na kweli napata utulivu, nalala. Lakini ikifika saa kumi alfajiri niko macho, kifua kimebana, na mawazo yote yamerudi kana kwamba sikuomba. Dada mmoja katika kikundi chetu cha maombi ameniambia mtu mwenye imani haogopi. Je, imani yangu ina kasoro? Nitapataje amani inayodumu? Na watoto wakiuliza kama tutahama nyumba, niwajibu nini?"

Dada yangu, nianze na hilo la kasoro, maana naona si kodi ya nyumba peke yake inayokuamsha. Unaamka na hofu, halafu unaogopa kwa sababu umeogopa. Hofu ya kwanza ina sababu: mkataba, kodi, ada, mume asiye na kazi. Mtu asiyeshtushwa na hayo kabisa labda hajaelewa hesabu. Hofu ya pili umetwishwa na mtu, nayo tunaweza kuitua leo hii.

Sijui ni wapi Maandiko yanasema mwenye imani haogopi. Ninachokiona ni Paulo akiwaambia Wakorintho habari za safari yake ya Makedonia: "miili yetu haikupata nafuu, bali tulidhikika kote kote, nje palikuwa na vita, ndani hofu." Soma tena hayo maneno mawili ya mwisho. Huyu ndiye Paulo yuleyule aliyewaandikia Wafilipi "Msijisumbue kwa neno lo lote," na Filipi ni mji wa Makedonia hiyohiyo. Namtazama Bwana mwenyewe pia. Usiku wa kukamatwa kwake aliwaambia wanafunzi, "Msifadhaike mioyoni mwenu." Sura mbili nyuma, katika Yohana 12, alikuwa amesema kwa kinywa chake, "Sasa roho yangu imefadhaika." Na bustanini Gethsemane aliomba jambo lilelile mara tatu, kwa maneno yaleyale, ndani ya usiku mmoja. Kama Mwana wa Mungu alirudi mara tatu na ombi moja, basi wewe kuamka saa kumi na kuliomba tena lile uliloliomba saa tatu usiku si ushahidi kwamba ombi la kwanza lilikuwa bovu.

Kwa hiyo imani yako haina kasoro ya aina hiyo. Ila nadhani unaitafuta amani mahali ambapo haikai. Unaisubiri iwe hali ya kifua: kifua kikilegea, amani ipo, kikibana, imeondoka. Kila alfajiri unajipima, na kipimo kinakuangusha.

Hebu turudi kwenye ile Wafilipi 4, ambayo najua umeisoma mara nyingi. "Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu." Neno la Kiyunani lililoko nyuma ya "itawahifadhi" ni la kijeshi, la askari wanaolinda mji. Wafilipi walilielewa vizuri, kwa sababu mji wao ulikuwa koloni la Kirumi, na maaskari wastaafu walipewa makazi pale baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo. Na aliyeliandika alikuwa mfungwa, askari wakimlinda yeye, hajui hukumu yake itakuwa kufa au kuachiwa. Katika barua hiyohiyo anasema atamtuma Timotheo mara atakapojua mambo yake yatakavyokuwa. Yaani Paulo naye alikuwa anasubiri jibu, kama wewe.

Sasa fikiria mlinzi wa usiku. Hawekwi mahali pasipo na hatari. Kuwepo kwake getini hakumaanishi kwamba nje hakuna nyayo. Aliye ndani anaweza kuzisikia nyayo hizo vizuri sana, na moyo ukaruka. Kinachobadilika ni kwamba hatakiwi kuinuka akashike rungu mwenyewe. Ndiyo maana nasema amani ya Kristo inaweza kuwa kazini saa kumi alfajiri huku kifua chako kimebana. Kifua kinasikia nyayo. Mlinzi hajaondoka.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyefungwa katika gereza la Tegel, Berlin, kuanzia Aprili 1943, aliandika humo mwaka 1944 kwamba watu walimwona akitoka chumbani mwake mtulivu na mchangamfu, kumbe mwenyewe ndani alijiona kama ndege tunduni, amechoka hata kuomba. Akajiuliza yeye hasa ni yupi kati ya hao wawili. Hakulipata jibu. Alimalizia tu kwa kumwambia Mungu kwamba vyovyote alivyo, Mungu anamjua, naye ni wake. Aliuawa tarehe 9 Aprili 1945. Namkumbuka kila ninapomwona muumini anayejilinganisha na nyuso za wenzake kanisani. Huyo dada wa kikundi chenu, kwa heshima zote, humwoni saa kumi alfajiri.

Lugha yetu imetuwekea jambo hapa, nami nalipenda sana. Amani, imani, amini, mwaminifu, amana: maneno haya yote yametujia kutoka shina moja la Kiarabu, lenye maana ya usalama na kutumainika. Hata "amina" tunayofungia maombi ni ndugu yao, kwa njia ya Kiebrania. Na katika 2 Timotheo 1:12 yanakutana mawili kati yake: "namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Tazama kwamba Paulo hasemi "najua yatakayotokea." Anasema "namjua yeye." Uhakika wake haukukaa kwenye matukio, ulikaa kwa mwenye kuitunza amana.

Umewahi kumwona mtu anayeweka amana? Haji akasema, "Nina vitu vyangu, nitunzie." Anavifungua, anavihesabu mbele ya mtunzaji, kimoja kimoja, kwa jina. Naona maombi mengi ya watu wenye hofu hayafiki hapo. Tunasema "Bwana, shughulika na hali yangu," tunalia, tunachoka, utulivu unakuja kwa sababu ya kulia, tunalala. Kulia mbele za Mungu ni kwema, Zaburi zimejaa machozi. Lakini mzigo haujafunguliwa, na alfajiri tunaukuta palepale tulipouacha, mlangoni mwetu.

Basi leo ikifika saa kumi, usishike simu. Usianze kupambana na kifua chako kwa kukikemea kitulie. Keti kitandani, ufungue mikono, kisha uhesabu kwa sauti ya chini. "Bwana, huu ni mkataba wangu. Nakuwekea." Nyamaza kidogo. "Huyu ni bosi wangu," umtaje jina, maana moyo wake nao hauko mikononi mwako. "Hii ni kodi ya mwezi kesho kutwa. Huyu ni mume wangu na aibu anayoibeba. Hizi ni ada za mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu." Usiruke hata kile kidogo kinachokutia haya. Nimewahi kumsikia mama akimtajia Mungu uchakavu wa viatu vya shule vya mwanawe, na nilijua hapo ndipo maombi yake yalipoanza. Paulo anasema "haja zenu na zijulikane na Mungu." Mungu anazijua tayari, bila shaka. Anayehitaji kuzijua zimewekwa wapi ni wewe. Ukimaliza, shukuru kwa jambo moja ambalo kweli unalishukuru, si kwa kupotea kwa kazi. Kisha ulale, au uinuke ukapige deki, vyovyote.

Kesho yake saa kumi utakuta umezinyang'anya tena. Utaziweka tena.

Najua hapa ndipo utakapovunjika moyo kidogo, kwa sababu uliuliza amani inayodumu, nami nakupa kitu cha kila siku. Naomba univumilie, maana hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Israeli jangwani walikula mana miaka 40. Kila mmoja aliokota ya siku, na waliojaribu kuweka ya kesho waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Ukiacha ile ya Sabato, na pishi moja iliyowekwa iwe ukumbusho, hakuna mana iliyolala ikaamka nzuri. Hata hivyo haikukosekana mpaka walipofika nchi ya kukaa watu. Ilidumu miaka 40 kwa kuja kila asubuhi. Ndivyo amani hii inavyodumu. Wewe uliiomba ya jana usiku ikupeleke mpaka mwisho wa mwezi ujao, na ilipoisha alfajiri ukadhani umekosea mahali. Hukukosea. Ilikuwa ya usiku ule, na ilifanya kazi yake, ulilala. Bwana anaposema "Yatosha kwa siku maovu yake," hasemi kwa kutukebehi. Anatuambia neema inagawiwa kwa kipimo gani. Huna neema ya siku mkataba utakapoisha kwa sababu siku hiyo haijafika. Saa kumi alfajiri unaitembelea siku hiyo bila mana yake, na kwa kweli huko ni kugumu.

Sasa nikusimulie jambo langu, kwa sababu lina sehemu ambayo huwezi kuifanya peke yako kitandani.

Miaka kadhaa iliyopita mke wangu alifanyiwa upasuaji mkubwa. Alipoingizwa chumba cha upasuaji waliniachia ndala zake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikaa kwenye benchi la korido na ule mfuko mapajani saa sita nzima. Mimi ni mchungaji. Wengine huniita niwaombee katika korido kama ile. Sikuweza kuomba. Nilianza "Baba yetu uliye mbinguni" na kila nilipofika "mapenzi yako yatimizwe" sauti ilikatika, kwa sababu nilikuwa na maoni yangu kuhusu mapenzi hayo. Macho yangu yalikuwa kwenye ndala ya kushoto, kisigino kilicholika upande mmoja kwa vile anavyotembea. Saa ya nne ikaingia, akaja mzee wa kanisa letu, mtu asiye na maneno mengi. Aliketi. Akasoma Zaburi ya 130 polepole: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Akaisoma mara ya pili. Hakuhubiri. Aliufunga mfuko vizuri, akaniwekea kando, akakaa kimya mpaka daktari alipotoka.

Kifua changu kilibana mpaka dakika ya mwisho. Lakini tangu alipoketi yule mzee sikuwa mlinzi peke yangu, na hilo nililijua mwilini kabla sijalijua kichwani. Baadaye nikasoma tena ile habari ya Paulo na hofu yake ya ndani, nikaona mstari nilioupita miaka mingi: "Lakini Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, alitufariji kwa kuja kwake Tito." Hakupewa maono wala sauti kutoka mbinguni. Alipewa mtu aliyefika mlangoni.

Nani Tito wako? Nakuomba umtafute mmoja, asiye na haraka ya kukurekebisha, umwambie habari ya saa kumi. Na kabla yake, mwambie mume wako. Katika barua yako ametajwa mara moja tu, kwamba alipunguzwa. Mwanamume aliyekaa miezi minane bila kazi, huenda saa kumi alfajiri naye yuko macho, amekupa mgongo, anajifanya amelala ili usihangaike. Mkiwekeana hofu zenu mezani, hata kama hakuna suluhisho lililopatikana, mtakuwa mmeacha kuzilinda kila mtu kivyake. Baada ya hapo mfanye hesabu mchana, wawili, kalamu mkononi: kinachoweza kukatwa, wa kuongea naye kuhusu kodi mapema, kazi za kuombea nafasi. Amana ni ya yale usiyoyaweza. Unayoyaweza ni ya mchana, na kuyafanya si kupungukiwa imani.

Nikuonye kuhusu jambo moja, na hapa nitasema wazi. Nyakati kama hizi hazikosi watu wa kukuuzia amani. Atatokea mtu akuambie Mungu amemwonyesha kwamba mkataba utaongezwa, au ndani ya siku kadhaa mume atapata kazi, panda tu mbegu. Soma Yeremia 28 na 29 kwa mfululizo. Nabii Hanania aliwaambia watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Watu waliochoka hupenda neno la namna hiyo. Yeremia akawaandikia waliokuwa uhamishoni kwamba ni miaka 70: jengeni nyumba, pandeni bustani, uombeeni mji huo amani. Na ni ndani ya barua hiyo ya miaka 70 ndimo ulimo ule mstari tunaoubandika ukutani, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ahadi ya kweli ilikuja pamoja na kungoja kurefu, na ahadi ya uongo ilikuja na tarehe ya karibu. Mimi sijui kama mkataba wako utaongezwa. Anayekuambia anajua, na kisha akataka fedha, mkimbie.

Kuhusu mwili wako nitasema machache, lakini usiyapite. Kifua kubana kila alfajiri kwa wiki nyingi ni jambo la kumwona daktari, kwanza kuhakikisha moyo na presha viko sawa, na pia kwa sababu wasiwasi uliokithiri ni ugonjwa unaotibika, kwa mazungumzo na mshauri aliyefundishwa, na wakati mwingine kwa dawa. Eliya alipomwomba Mungu amwue, pale chini ya mretemu, jambo la kwanza alilopewa ni usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena na mkate tena. Malaika hakumkemea. Alimwambia safari ni kubwa mno kwake. Maneno na Mungu yalikuja baadaye, mlimani Horebu, baada ya mwili kulishwa.

Sasa watoto. Unasema wakiuliza kama mtahama hujui uwajibu nini. Nadhani Zaburi ya 131 ina jibu lako na lao pia. Ina mistari mitatu tu: "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha, kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Wewe umeachisha watatu, unalijua hilo kuliko mimi. Mtoto anayenyonya akipakatwa hatulii mpaka apate maziwa. Anatafuta, anavuta nguo. Aliyeachishwa anapanda mapajani, anaegemea kifua kilekile ambacho hakimpi tena alichokuwa akikililia, na anatulia, kwa sababu sasa anamtaka mama. Kabla ya kufika hapo kuna usiku wa vilio, na mtoto hajui kwa nini ananyimwa. Huo ndio usiku uliomo sasa, dada yangu. Bado unamwendea Mungu kwa ajili ya mkataba, na si kosa, uendelee kumwomba. Ila ipo siku utajikuta umeegemea bila jibu, na utashangaa kwamba umetulia.

Kwa hiyo wakiuliza, usiwadanganye kwamba hamtahama, na usiwamwagie hesabu zote. Wapakate walio wadogo, umkalishe karibu aliye mkubwa, useme: "Bado hatujui. Tukijua tutawaambia, hamtasikia kwa watu. Tukihama, tutahama wote. Leo tunalala hapa, na kabla ya kulala kila mmoja atamwambia Mungu kitu kimoja anachokiogopa." Halafu wewe na baba yao muanze, wakiwa wanasikia.